Filamu Zote Zinarudi kwa Baba

— Ulisikia vile yule binti alimujibu baba yake? Mama Zaituni aliuliza, akijifuta machozi kwa ncha ya kitenge. — "Baba, mwenye utanichagulia, huyo njo macho yangu." Macho yake, Zaituni! Kuna batoto ba bantu banasema vile!

Zaituni hakuinua kichwa. Alikuwa anachambua maharage ya mgao, na mgao wa mwezi ule ulikuwa mawe kwanza, maharage baadaye.

— Nilisikia, mama.

— Na mwisho wake uliuona? Alipata nyumba ya gorofa. Alipata baba mukwe mwenye kulia kwa furaha. Angekimbia na yule mwenye gitare angepata nini?

— Angepata mwenye gitare.

— Funga ule mudomo! Baba yako asikusikie. Na leo usimujibu ovyo, iko na habari yako.

Mkono wa Zaituni ulisimama juu ya ungo.

— Habari gani?

— Ya heri. Sumaili wa Kawale, kule Lilongwe, ametuma bantu. Anataka kukuoa.

— Sumaili wa kaseti?

— We unamujua Sumaili mwingine? Mama alicheka, furaha ikamrudia usoni. — Tazama vile Mungu anapanga. Jana tunaona filme, leo filme inapiga hodi kwetu.

Sasa nikueleze, maana bila hili hutamwelewa Zaituni. Mwaka ule wa tisini na sita hakuna mtu katika kambi ya Dzaleka, Malawi, aliyejua Kihindi cha filamu zile. Kambi ilikuwa changa, watu walilala katika nyumba ambazo utawala wa zamani uliwajengea wafungwa wake, na burudani ilikuwa moja tu: video ya Jumamosi alasiri, katika ukumbi wa matofali wenye madirisha madogo ya juu. Mashine ya umeme ilinguruma nje, na kando ya televisheni alisimama kijana mwembamba na kipaza sauti chake cha kuungaunga, akiwasemea watu wa filamu kwa Kiswahili. Yeye alikuwa baba, yeye mama, yeye binti anayelia, yeye polisi. Jina lake Feruzi, watu wakamwita Mudomo.

Mwanzoni wazee waliifunga video kwa kusema inaharibu watoto. Walikubali ifunguliwe kwa sharti moja: kila filamu ikiisha, Feruzi atoe funzo. Na funzo lilitoka, Jumamosi baada ya Jumamosi. Binti mtii hubarikiwa. Kijana mkaidi hufia barabarani. Katika zile za vita, mwanajeshi mmoja mwenye misuli alifyeka kijiji kizima, Feruzi akamwita "mukombozi wetu", na wanaume waliotoka Burundi mbio mbele ya wanajeshi wakasimama juu ya mabenchi kumshangilia. Hakuna aliyeona ajabu.

Zaituni alikuwa na sababu yake ya kuumia zaidi. Ule mdomo ulioita mwanaume mwingine "macho yangu" ulikuwa ndio uleule uliomwambia yeye, nyuma ya mashamba ya mahindi, kwamba bila yeye Feruzi hawezi kuvuta pumzi. Mwaka mzima walipendana kwa siri.

Jioni ya siku ile ya maharage Zaituni alimfuata Feruzi, akamkuta anakunja waya za mashine.

— Yule binti alisema nini kweli?

— Binti yupi?

— Feruzi, usinichezee.

— Ah, wa jana. Alicheka kidogo. — Mi nitajua wapi? Nilimuona analia, baba anamushika kichwa. Nikamuwekea maneno yenye kufaa.

— Yenye kufaa nani?

Feruzi aliacha waya.

— Baba yako alikaa mbele kabisa, Zai. Nilitaka asikie niko kijana wa heshima. Sina baba hapa, sina mujomba wa kunisemea. Mudomo njo mali yangu yote. Nilisema, siku nikipiga hodi kwake asinifukuze.

— Amesikia. Amesikia muzuri sana. Anataka kunipa kwa Sumaili.

Feruzi alisimama wima.

— Sumaili mwenye tunaazima kaseti zake?

— Huyo. Na mama anasema njo filme imetupigia hodi. Filme yako, Feruzi! Kwa mudomo wako umenioza!

— Kesho ninaenda kwa baba yako. Wallahi, kesho. Nitamwambia yote.

Alishika mkono wake, na Zaituni, kwa hasira zake zote, akauacha mkono mle ndani. Alimpenda, ndiyo shida.

Baba yake Zaituni, Mzee Moustapha, alikuwa mtu wa Kindu, kule Maniema ya Kongo, aliyefanyia biashara Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, hadi vita vilipomtoa na mkewe, binti mmoja na baiskeli. Kambini aliuza chumvi, sabuni na vitenge mbele ya nyumba, na msikiti ulikuwa haumalizi jambo bila yeye. Feruzi alipofika siku ya pili amevaa shati lililopigwa pasi, Zaituni alikuwa nyuma ya pazia, mwiko mkononi, nsima, ugali wa huku, ikimngoja jikoni.

— Karibu, mwana! Karibu sana! Mzee alimvutia kigoda. — Unajua, mi nilikuwa nataka kukuita.

— Asante, papa. Mi pia niko na neno.

— Kwanza langu, mi mukubwa. Mwana wangu, mudomo wako unalea batoto betu kuliko sisi. Mi na mama yake tulikuwa tunaogopa kumwambia Zaituni habari ya mariaje. Basichana ba leo unabajua. Lakini juzi nilimutazama vile amekaa kimya, ile filme inamuingia. Nikasema, sasa ameiva. Kazi hiyo ni yako.

Feruzi alisogeza kigoda mbele. Zaituni alikisikia kikikwaruza sakafu.

— Papa...

— Ngoja. Sumaili ataleta televizyo kubwa na filme mupya siku ya ndoa. Kambi yote itaona, bila kulipa. Halafu alasiri tunafunga. Na mwenye kutafsiri ni we. Hakuna mwingine. Utanikatalia, mi baba yako?

Hapo, ndugu msomaji, palikuwa na nafasi ya neno moja tu. Zaituni aliling'ang'ania pazia. Sema. Sema sasa.

— Hapana, papa, Feruzi alisema. — Siwezi kukukatalia.

— Allah akubariki. Na neno lako?

— Langu... lilikuwa salamu tu.

Walipoagana, Feruzi alipita karibu na pazia bila kugeuka. Zaituni alirudi jikoni akakuta nsima imeshika chini. Aliikwangua yote, na mama yake aliposifu kwamba binti anayeolewa hujifunza kutotupa chakula, Zaituni alienda nje akalia nyuma ya kuni. Tangu siku ile Feruzi alimtumia Zaituni maneno mara mbili kupitia msichana rafiki yao, Furaha. Furaha alirudi na jibu moja: "Amesema hajui mutu wa jina hilo."

Wiki iliyofuata Zaituni na mama yake waliomba ruhusa ya kutoka kambini, wakaenda Lilongwe kutafuta nguo za arusi. Walifikia Kawale, kwa Sumaili, nyuma ya duka lake. Mama aliingia ndani na dada yake Sumaili, Zaituni akabaki dukani kati ya rafu za kaseti zilizofika darini. Kila kaseti ilikuwa na mwanaume mwenye bunduki au mwanamke mwenye machozi.

Sumaili alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, aliyefiwa na mke, mwenye sauti ya upole na kofia safi. Na hii ndiyo ilimuumiza Zaituni zaidi: angekuwa mbaya ingekuwa rahisi.

— Kaa, binti. Utakunywa Fanta?

— Asante. Hizi zote umeziona?

— Lazima nizione. Kule kwenu siwezi kutuma kila kitu. Kuna zenye bazee banapenda, na kuna zenye zinarudi mbio. Nilituma moja, binti anatoroka na fundi wa magari. Siku ya pili kaseti iko hapa, na salamu kali za baba yako juu yake.

Zaituni aliinuka.

— Iko wapi?

— Ile? Iko tu. Alimwonyesha kwa kidevu, juu kabisa. — Lakini usifikiri iko na maajabu. Batoto banatoroka, banaimba milimani, banapata taabu, halafu mwisho banarudi kupiga magoti. Baba anabasamehe, ngoma inalia. Mi nauza hizi vitu miaka kumi. Filme zote zinarudi kwa baba.

— Zote?

— Zote zenye kuuzika. Na za askari, askari anashinda. Hapa Malawi zamani serikali njo ilikuwa inakata. Bantu banakaribiana midomo, puh, unaona giza. Sasa serikali mupya haina habari na mi. Lakini nikileta yenye mukubwa anashindwa, mwenye kuniazima haiko. Alicheka bila ubaya. — Zamani bo banakata, siku hizi tunajikata sisi benyewe.

Zaituni aliziangalia rafu zile kuanzia chini hadi juu. Alikuwa amekuja na tumaini la kijinga, sasa ndio alilitambua: kwamba Feruzi amedanganya, na kwamba mahali fulani ndani ya Kihindi kile kuna binti mmoja aliyesema neno lake mwenyewe. Kumbe hayupo. Feruzi hakupindisha kitu. Alikisia tu, na alikisia sawasawa. Duka zima lile, hakuna hata kaseti moja ambamo angeweza kuingia akatoka akiwa yeye. Aliiweka chupa chini, soda bado imejaa.

— Haupendi Fanta? Sumaili aliuliza.

— Naipenda.

— Utaizoea nyumba. Ni kubwa kuliko kule.

Mama alitoka ndani na vitambaa mikononi, amepata miaka kumi ya ujana, na mazungumzo yakaisha.

Siku ya ndoa iliamka na vumbi jekundu na vifijo. Televisheni ya Sumaili ilibebwa na wanaume wanne. Ukumbi ulijaa, na madirishani watu walining'inia: Wamaniema, Warundi, hata Wamalawi wa vijiji vya jirani waliokuja na watoto. Zaituni, mikono na hina yake, alikalishwa mbele katikati ya wanawake ili aonekane. Hakumtazama Feruzi. Alisikiliza tu ile sauti ikifanya kazi yake, mzee akikohoa, tajiri akicheka, mama akiomba dua. Sauti haikuwa na chumvi siku ile, lakini watu walicheka palepale walipozoea kucheka.

Ikafika ile sehemu. Inafika daima. Baba amekaa kwenye kiti kikubwa, binti ameinama miguuni pake, midomo yake inatetemeka, anasema kitu kirefu cha Kihindi.

Kipaza sauti kilinyamaza.

— Sema! mtu alipiga kelele nyuma.

— Mudomo! Binti anasema nini?

Kwenye kioo binti aliendelea kulia peke yake. Feruzi alishusha kipaza sauti hadi kifuani.

— Sijui, alisema. — Bandugu, mi sijui Kihindi. Sijawahi kukijua. Maneno ya bale basichana bote yalikuwa yangu. Hakuna binti mwenye alisema vile. Mi njo nilisema.

Mama mmoja Mrundi, Madeleine, muuza ndizi mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto, aliinuka.

— We Feruzi, unatuona sisi bajinga? Kwani we ni Muhindi? Tunajua! Endelea, mwana, binti analia bure!

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Feruzi alisimama pale, jasho likimtiririka, siri yake kubwa imegeuzwa kichekesho cha arusi. Akaweka kipaza sauti juu ya meza, akatoka kwa mlango wa upande.

Mzee Moustapha hakuvumilia arusi yake iharibike. Aliinuka, akakichukua kile kipaza sauti mwenyewe.

— Binti anasema ndiyo! alisema. — Anasema, "Baba, nimekubali." Na funzo ni hilo!

Wakapiga makofi. Zaituni alisikia joto la mikono ya shangazi na majirani mgongoni pake, wakimpapasa, wakimsukuma taratibu kuelekea mlangoni, maana alasiri ilikuwa imeingia.

Chumbani walimfunika mtandio mweupe. Wanawake kumi na zaidi katika chumba cha mtu mmoja, dirisha dogo, udi ukifuka. Mlango ulifunguliwa kidogo na shehe akasimama kizingitini na mashahidi wawili. Hakuingia, alitazama pembeni kwa adabu.

— Zaituni binti Moustapha, alisema, — baba yako anataka kukuozesha kwa Sumaili bin Amani. Umekubali?

Hakuna aliyetegemea jibu. Kila mwanamke mle alijua ada: msichana haongei, anainamisha kichwa, na kunyamaza kwake ndiyo kukubali kwake. Shangazi alikuwa tayari amejaza hewa kifuani kwa vigelegele.

Zaituni alinyamaza. Alijaribu kusema akakuta ulimi umekauka. Aliwaona wote wanamtazama mdomo, wanangoja usifunguke, na akaelewa kwamba wakati huu hakuna Feruzi wa kumsemea wala wa kulaumiwa. Pumzi mbili zaidi na itakuwa imekwisha. Ataamka Kawale, kati ya rafu zile, kwa maneno ambayo hakuyasema.

— Alhamdulillahi, shehe alianza. — Kunyamaza...

— Sitaki.

Shangazi alikohoa ile hewa yake.

— Anasema nini? shehe aliuliza.

— Nasema sitaki, shehe. Sikunyamaza, nilikuwa natafuta mate. Sumaili ni mutu muzuri, mi sina neno naye. Lakini simutaki, na sijamukubali.

— Amechanganyikiwa! shangazi alisema. — Shehe, uliza tena!

Mama Zaituni alikuwa ameketi kando ya kitanda, kitenge kimeshikwa mbele ya mdomo. Zaituni alijikaza kupokea kofi. Mama aliinuka, akasimama kati ya binti yake na wanawake wengine.

— Atauliza mara ngapi? Binti wa filme banamusemea, huyu wangu amejisemea mwenyewe, kwa sauti. Mi nimesikia, mashahidi bamesikia. Shehe, rudi ubaambie banaume vile alijibu.

— Mama Zaituni, aibu hii...

— Aibu nitaibeba. Nenda, baba.

Shehe alikwenda. Kelele ilipanda nje, ya Mzee Moustapha juu ya nyingine zote, kisha ikashuka. Baada ya muda mtu aligonga dirisha kidogo. Alikuwa Sumaili, kofia mkononi.

— Binti. Kwa nini haukuniambia kule Kawale? Tulikaa, tukaongea.

— Haukuniuliza, Zaituni alijibu.

Sumaili alifikiri kidogo, akatikisa kichwa polepole kama mtu aliyekuta hesabu yake ina kosa.

— Ni kweli, alisema. — Sikuuliza.

Televisheni ilirudi Kawale jioni hiyo. Kaseti hazikuja tena, video ikafungwa, na kambi ilikosa Jumamosi yake kwa sababu ya msichana mmoja, jambo ambalo aliambiwa kisimani kila asubuhi. Baba yake hakumsemesha. Alipotaka maji alisema, "Mama Zaituni, mwambie mutoto wako alete maji," na Zaituni alikuwa pale, mbele yake, na kikombe mkononi.

Feruzi alimkuta Zaituni njia ya mashambani. Alikuwa anafyatua matofali sasa, mikono imepasuka.

— Zai, nimesikia yote. Ulinishinda. Lakini hata mi nilikataa siku ile. Uliona? Nilinyamaza.

Zaituni alitua ndoo.

— Ulinyamaza kwa baba, ukanyamaza na mbele ya filme, mikro mukononi. Feruzi, mi nimekaa ndani ya kile chumba. Kunyamaza banakuita kukubali. Mi nilingoja sauti yako, nikapata ya baba.

— Sasa nifanye nini?

— Unaniuliza mi tena? Mudomo ni wako.

Akabeba ndoo yake akaondoka. Machozi yalimtoka njia nzima, lakini hakugeuka.

Siku hiyohiyo, jua bado kali, watu wakitoka kuswali adhuhuri, Feruzi alisimama mbele ya kibanda cha Mzee Moustapha na matope yake ya kazi. Hakungoja kigoda. Alisema kwa sauti, na majirani wote wakaacha walichokuwa wanafanya.

— Papa, ile siku sikuja kukusalimia. Nilikuja kumuposa Zaituni, nikaogopa. Ninamupenda tangu mwaka jana. Sina baba wa kunisemea, njo maana ninajisemea.

— Sasa njo unapata sauti? Mzee aliuliza kwa dharau. — Umekula chumvi yangu, ukanifanya mucheko wa kambi. Toka hapa!

— Nitatoka, papa, nikisikia yeye anasema nitoke.

Mzee aliinua mkono kumfukuza. Majirani walikuwa wamekaribia, Madeleine na beseni lake la ndizi mbele yao. Mke wake alikuwa mlangoni, anamtazama. Mzee Moustapha alipangusa vipande vya sabuni ambavyo havikuwa na vumbi, akavipanga, akavipangua. Kisha, kwa mara ya kwanza baada ya majuma mengi, aliita jina.

— Zaituni! Kuna mutu hapa, amejaa matope. Anasema anakutaka. We unasema nini?

Zaituni alisikia kutoka jikoni. Alitaka kukimbia, akajizuia, akaitoa sufuria motoni taratibu, akaosha mikono, akatoka hadi mlangoni akasimama karibu na mama yake. Kambi nzima ilimtazama mdomo. Feruzi hakusema chochote cha kumsaidia, na baba yake pia aliuma ulimi wake, akangoja.

— Ninamutaka, baba, Zaituni alisema. — Lakini shehe asije leo. Kwanza huyu akae chini, mukule naye, na banaume benye kuzoea kusema kwa niaba yangu banisikilize mpaka nimalize.

Mzee Moustapha alivuta pumzi ndefu, akasukuma kigoda kwa mguu kuelekea kwa Feruzi.

— Kaa, alisema. — Tumusikie.